Modeli Moja, Kontrola Nyingi: Jedwali la Wakulima ni la Nani?

Miongoni mwa maswali yanayowasumbua wasanidi programu wanaoanza kutumia fremuweki za tovuti, yaani viunzi vya msimbo vilivyo tayari kwa kujengea tovuti, lipo moja linaloonekana dogo lakini lina mizizi mirefu. Ikiwa kontrola ya wakulima (sehemu ya programu inayopokea maombi ya mtumiaji na kuyajibu) ina modeli yake ya wakulima (sehemu inayosoma na kuandika jedwali la data), na kontrola ya malipo ina modeli yake ya malipo, kontrola ya malipo itayapataje majina ya wakulima wanaolipwa? Jibu la haraka ni mstari mmoja wa msimbo, na mstari huo hutofautiana kidogo tu kutoka fremuweki moja hadi nyingine. Hata hivyo, anayepewa mstari huo bila maelezo hurudi baada ya muda akiwa na tatizo jingine: rekodi zinazofutana, hesabu mbili zisizolingana za mzigo mmoja, au namba za simu za wakulima zilizojitokeza kwenye ukurasa wa bei ambao kila mtu anaweza kuufungua. Matatizo hayo hayana chanzo kimoja, na ndiyo maana jibu moja haliyamalizi. Kuna klasi ya modeli, yaani maelezo yake yaliyoandikwa katika msimbo, kuna objekti inayotengenezwa kutokana na klasi hiyo, na kuna safu za data zilizomo ndani ya jedwali. Kila kimoja kati ya hivyo hushirikishwa kwa njia yake na kina hatari zake.

Ili maelezo yasielee hewani, tuchukue mfano wa kubuni, unaofanana na kazi ambazo kijana aliyehitimu masomo ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Dodoma anaweza kukabidhiwa. Chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu, AMCOS ya upande wa Hombolo au Mpunguzi, kinataka mfumo wa kupokea mazao na kulipa wanachama. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kwa kuwa tunda lenyewe halikai, katika majuma machache ya mavuno kila jambo hufanyika kwa wakati mmoja: karani wa mzani anapokea kreti, mhazini anaandaa malipo, na katibu anataka kujua ni kilo ngapi zimekwenda kwa wanunuzi wa matunda na ngapi zimebaki za kukamuliwa mchuzi wa mvinyo. Mfumo una majedwali matatu makuu, yaani wakulima, mizigo na malipo. Una kontrola nne: ya wakulima, ya mapokezi, ya malipo na ya ripoti. Hesabu hiyo ya tatu kwa nne inatosha kuonyesha kwamba dhana ya kila kontrola kuwa na modeli yake haiwezi kusimama, kwa kuwa kontrola ya ripoti haina jedwali lake, na inayahitaji yote matatu.

Dhana hiyo basi imetoka wapi? Haikutoka kwa mwanzilishi wa mpangilio huu wa kugawa programu katika modeli, sura na kontrola, uitwao MVC. Trygve Reenskaug, mwanasayansi wa kompyuta kutoka Norwei, alipoandika mapendekezo yake mwaka 1979 akiwa katika maabara ya Xerox PARC huko Marekani, alikusudia modeli iwe ndiyo maarifa yenyewe ya mfumo, na maarifa hayo yaweze kuonyeshwa kwa sura nyingi kwa wakati mmoja. Kushirikisha modeli ndiko kulikokuwa kiini cha wazo lake. Mkanganyiko uliingia baadaye, fremuweki za tovuti zilipotaka kumpunguzia msanidi kazi ya kuandika mipangilio. Ruby on Rails ilipotoka mwaka 2004, na CakePHP ikaifuata mwaka 2005, zilikuja na kanuni ya majina yanayofuatana: jina la jedwali, jina la modeli, jina la kontrola na jina la folda ya kurasa vyote vinazaliwa kutokana na neno moja. Kanuni hiyo ni nzuri na imeokoa saa nyingi za watu. Ubaya wake ni kwamba imewafanya wanaojifunza waone majina yanayofanana na kudhani kwamba kuna umiliki.

CakePHP ya matoleo ya zamani iliuzidisha mkanganyiko huo, kwa kuwa kontrola ilipakiwa modeli yenye jina linalolingana nayo bila kuombwa. Msanidi aliyetaka modeli ya pili alilazimika kuorodhesha majina katika sifa iitwayo $uses, na katika matoleo ya mwanzo, aliyesahau kuitaja modeli ya kontrola yenyewe katika orodha hiyo alijikuta ameipoteza ile aliyokuwa nayo. Mtu aliyejifunza kazi katika mazingira hayo hawezi kulaumiwa kwa kuamini kwamba modeli ni mali ya kontrola na kwamba kuitumia kwingine ni kuazima.

Kwa sisi tunaopenda kuyaita majedwali yetu kwa Kiswahili kuna kero ya ziada. Fremuweki hizi huunda wingi wa majina kwa kanuni za Kiingereza, kwa hiyo modeli iitwayo Mkulima itatafutiwa na Laravel, fremuweki ya lugha ya PHP, jedwali liitwalo «mkulimas», ambalo bila shaka halipo. Tiba ni kulitaja jedwali waziwazi ndani ya modeli, mara moja tu, kwa mstari wa namna hii:

protected $table = 'wakulima';

Asiyeujua mstari huo huona modeli yake haifanyi kazi, akaiacha, na kuandika hoja za SQL, yaani maagizo kwa lugha ya hifadhidata, moja kwa moja ndani ya kontrola. Kontrola ya pili inapohitaji data zilezile, hoja inanakiliwa, na kuanzia hapo mfumo una maelezo mawili ya jedwali moja yasiyojuana.

Tuanze na klasi, ambayo ndiyo rahisi kuliko vyote. Klasi ya modeli ni faili la msimbo lililokaa mahali pake, na kontrola yoyote inaweza kuliita. Katika Laravel, kuanzia toleo la 8 la mwaka 2020, mahali hapo ni folda ya Models ndani ya app, na kontrola inayoihitaji huandika juu kabisa:

use App\Models\Mkulima;

Katika Django huletwa kwa import kutoka kwenye moduli ya models ya programu husika. Katika CakePHP ya sasa kontrola huomba jedwali kwa jina kupitia fetchTable. Katika CodeIgniter ya toleo la 3 hupakiwa kwa load->model. Katika Rails hakuna hata haja ya kuandika lolote, kwa sababu fremuweki huitafuta klasi pale inapotajwa kwa mara ya kwanza. Kontrola kumi zinaweza kuitaja klasi moja bila kupunguza chochote na bila kuombana ruhusa. Hapo zamani, karani, mhazini na katibu wa chama walilifungua daftari lilelile la wanachama juu ya meza ileile, na hakuna aliyeliita daftari la mhazini kwa kuwa tu mhazini ndiye aliyelifungua mara nyingi. Klasi ya modeli ina hadhi hiyohiyo.

Mwenye kulielewa hilo huepuka njia tatu za mkato ambazo huonekana mara kwa mara katika misimbo ya wanaoanza. Ya kwanza ni kuandika modeli ya pili ya jedwali lilelile, kwa mfano MkulimaWaMalipo, ili kontrola ya malipo iwe na chake. Ya pili ni kuzipakia modeli zote katika kontrola mama ambayo nyingine zote huirithi. Njia hii hufanya kazi, lakini huficha ni kontrola ipi inategemea modeli ipi, na siku mtu anapotaka kuondoa modeli moja hawezi kujua nani ataumia. Ya tatu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo mbaya kuliko zote, ni kontrola moja kuiita kontrola nyingine ili ifanye kazi kwa niaba yake. Kontrola imetengenezwa kupokea ombi la mtumiaji na kurudisha jibu, hivyo inategemea sesheni, ruhusa na muundo wa ukurasa. Anayeiita kutoka ndani hubeba mizigo hiyo yote ili tu apate orodha ya majina. CakePHP iliwahi kuwa na njia rasmi ya kufanya hivyo, iitwayo requestAction, na wenyewe baadaye wakaiondoa.

Objekti ni habari nyingine, na hapa ndipo wengi hujikwaa bila kujua wamejikwaa wapi. Klasi ni maelezo, lakini objekti ni kitu kinachoishi katika kumbukumbu ya seva na kinaweza kubeba hali, yaani kukumbuka kilichofanyika kabla. Zinapotofautiana fremuweki ni hapo hasa, na mtu anayehama kutoka moja kwenda nyingine bila kuijua tofauti hiyo hujitafutia taabu.

Chukua CakePHP ya matoleo ya 1 na 2, ambayo bado yanahudumia mifumo kadhaa ya zamani. Humo objekti moja ya modeli iliwakilisha jedwali zima, na rejista ya ndani ilihakikisha kwamba kila anayeiomba modeli ya Mzigo katika ombi moja anapewa objekti ileile. Objekti hiyo ilikumbuka utambulisho wa rekodi iliyohifadhiwa mwisho. Sasa tuseme karani wa mzani ameleta faili lenye mizigo arobaini ya asubuhi, na kontrola ya mapokezi inazunguka safu moja baada ya nyingine ikiita save. Mzigo wa kwanza unaingia na kupewa namba. Unapofika wa pili, objekti bado inaikumbuka namba ile, hivyo badala ya kuongeza safu mpya inabadilisha ya kwanza. Mwisho wa mzunguko jedwali lina safu moja tu yenye kilo za mkulima wa arobaini, na hakuna kosa lolote lililoonyeshwa kwenye skrini. Dawa yake ilikuwa kuita create kabla ya kila save ili objekti isahau yaliyopita. Anayetafuta kosa hilo kwenye hifadhidata hatalipata, kwa sababu hifadhidata ilifanya kila ilichoambiwa.

Eloquent ya Laravel na Active Record ya Rails, yaani sehemu zinazoshughulikia modeli katika fremuweki hizo, zimekaa upande wa pili. Humo objekti moja inawakilisha safu moja, na kila unapoitafuta safu unapewa objekti mpya. Kontrola ya malipo ikimtafuta mkulima namba 7, na fanksheni inayoitwa na kontrola hiyo ikamtafuta tena mkulima huyohuyo, kutakuwa na objekti mbili ambazo kila moja ina nakala yake ya data. Ukibadilisha namba ya simu katika ya kwanza, ya pili haitajua. Wengine, kama Doctrine ya PHP na SQLAlchemy ya Python, huweka rejista ya utambulisho: ndani ya sesheni moja ya hifadhidata, safu moja ina objekti moja tu, na wote wanaoiomba wanashika kitu kilekile. Hakuna njia iliyo sahihi kuliko nyingine kwa kila hali. Lililo muhimu ni kujua unafanya kazi ndani ya ipi, kwa sababu msimbo ulio salama katika moja unaweza kuleta data zilizochakaa katika nyingine.

Jambo hili lina upande wa pili unaohusu uhai wa programu yenyewe. PHP kwa kawaida huanza kila ombi ikiwa tupu na kumaliza kwa kutupa kila kitu, kwa hiyo hali iliyobaki katika objekti hufa pamoja na ombi. Programu za Node.js, za Java na nyingi za Python hazifi hivyo, kwani mchakato mmoja huhudumia ombi moja baada ya jingine, wakati mwingine kwa siku nzima. Laravel nayo inaweza kuendeshwa hivyo ikitumia kifurushi chake cha Octane. Katika mazingira hayo, anayeweka taarifa za mkulima wa sasa ndani ya sifa tuli (static) ya klasi, akidhani anaokoa hoja moja ya hifadhidata, anaweza kumwonyesha mwanachama wa Mpunguzi salio la mwanachama wa Hombolo. Kanuni ninayoifuata ni kali kidogo, na sioni sababu ya kuilegeza: taarifa ya mtumiaji mmoja haiwekwi katika kitu chochote kinachoishi zaidi ya ombi lake.

Njia nzuri ya kugawa objekti ndani ya ombi moja ni kontrola kutangaza inachohitaji katika kijenzi chake (constructor), na kontena ya fremuweki, yaani sehemu inayotengeneza objekti na kuzigawa, kukileta. Faida yake si uzuri wa msimbo peke yake. Anayefungua faili la kontrola ya malipo huona katika mistari ya juu kwamba inategemea vitu viwili au vitatu, na anayeandika majaribio anaweza kuleta objekti ya bandia bila kugusa hifadhidata halisi. Katika Laravel na Rails, ambako modeli huitwa kwa jina la klasi moja kwa moja, utaratibu huu huzifaa zaidi klasi za huduma kuliko modeli zenyewe, na hizo tutazifikia.

Safu za data ndizo hushirikishwa hata msanidi asipotaka. Kontrola mbili zinaweza kuwa na objekti tofauti kabisa, katika seva mbili tofauti, na bado zikagongana kwenye safu moja ya jedwali. Tuseme mzigo namba 7 una kilo 500 ambazo bado hazijapangiwa mnunuzi. Magari mawili yamefika, na makarani wawili wanayapangia kilo 300 kila moja, karibu kwa wakati mmoja. Kontrola ya kwanza inasoma 500, ya pili nayo inasoma 500. Ya kwanza inatoa 300 na kuandika 200, ya pili inafanya vivyo hivyo. Kwenye jedwali zinasomeka kilo 200 zimebaki, huku kwenye hati za kutolea mzigo zimeandikwa kilo 600 zilizotoka kwenye rundo la kilo 500. Kila kontrola ikijaribiwa peke yake itaonekana haina kosa.

Hapa kushirikisha modeli hakusaidii lolote kama modeli yenyewe inasoma kwanza, inakokotoa katika PHP, kisha inaandika. Hesabu ni lazima ifanyike ndani ya hifadhidata, kwa amri moja isiyokatika katikati:

UPDATE mizigo SET kilo_baki = kilo_baki - 300 WHERE id = 7 AND kilo_baki >= 300;

Hifadhidata hurudisha idadi ya safu zilizobadilika. Ikirudisha moja, gari limepata mzigo. Ikirudisha sifuri, karani anaambiwa kilo hazitoshi. Pale ambapo mabadiliko yanagusa majedwali kadhaa, hufunguliwa muamala (kundi la amri linalokamilika lote au kufutwa lote) na safu kufungwa kwa SELECT ... FOR UPDATE hadi kazi iishe. Rails inatoa njia ya tatu, inayowafaa watu wawili waliofungua fomu moja kwa muda mrefu: jedwali likiwa na safu wima iitwayo lock_version, kila uhifadhi huongeza namba hiyo, na anayekuja na namba ya zamani hukataliwa badala ya kufuta kazi ya mwenzake kimyakimya. Kwa chama chenye mzani mmoja huenda hayo yote yakaonekana ni kujitakia kazi. Kwa chama chenye mizani mitatu katika wiki ya mavuno, kila mzani ukiwa na simu yake iliyounganishwa, amri ile moja ya UPDATE ndiyo inayozuia ugomvi.

Baada ya kuvitenga vitu hivyo vitatu, lipo bado lile ambalo ndilo msanidi anapaswa kulitaka zaidi anapotaka kushirikisha modeli, yaani kanuni za kazi. Tuseme kwa mfano wetu kwamba mkutano wa wanachama umeamua kila kilo ikatwe shilingi 50 za chama. Kontrola ya malipo inaandika:

$halisi = $mzigo->kilo * $mzigo->bei - $mzigo->kilo * 50;

Kontrola ya ripoti inaandika mstari huohuo, na ukurasa wa mkulima kuangalia salio lake unauandika kwa mara ya tatu. Zote zinatumia modeli moja, kwa hiyo kijuujuu modeli imeshirikishwa. Msimu unaofuata makato yanakuwa shilingi 60, msanidi anabadilisha kwenye malipo na kwenye ripoti, anausahau ukurasa wa salio, na mkulima anafika ofisini na simu mkononi akidai shilingi 10 kwa kila kilo. Hasemi uongo, skrini ya chama ndiyo iliyomwahidi. Kilichokuwa kinashirikiwa hapo ni majina ya safu wima peke yake, wakati hesabu yenyewe ilikuwa imesambaa.

Hesabu hiyo mahali pake ni ndani ya modeli ya Mzigo, katika fanksheni moja, tuiite kiasiHalisi, na kontrola zote tatu ziiite. Kiwango cha makato nacho kisiandikwe ndani ya msimbo, bali kinakiliwe kwenye safu ya kila mzigo siku unapopokelewa, kwa sababu mzigo wa Machi uliokatwa 50 haupaswi kubadilika kwa uamuzi wa mkutano wa Julai. Hili la pili husahaulika mara nyingi kuliko la kwanza, na madhara yake ni makubwa zaidi, kwa kuwa ripoti za misimu iliyofungwa huanza kutoa jumla mpya.

Kuanzia mwaka 2006 ilivuma miongoni mwa watumiaji wa Rails kaulimbiu ya kontrola nyembamba na modeli nene, ikiwa na maana hiyohiyo ya kuondoa kanuni za kazi kwenye kontrola. Ilifaa, kisha ikapitiliza. Modeli ya Mkulima iliyoachwa inenepe bila mipaka hufika mahali pa kutuma ujumbe wa simu, kutengeneza risiti, kuandaa faili la benki na kukokotoa takwimu za mwaka, na kila kontrola inayotaka jina tu la mkulima huvuta yote hayo nyuma yake. Kazi inayogusa modeli zaidi ya moja haina sababu ya kulazimishwa ndani ya mojawapo. Kumlipa mkulima, kwa mfano, kunahusu kusoma mizigo yake ambayo haijalipwa, kuandika safu ya malipo, kuitia mizigo alama ya kulipwa, na kumwarifu. Hiyo inastahili klasi yake ya huduma, tuseme LipaMkulima, yenye fanksheni moja inayofanya yote ndani ya muamala mmoja. Kontrola ya malipo ya ofisini, kontrola inayopokea maombi kutoka kwenye simu, na amri inayoendeshwa usiku kulipa kwa mkupuo, zote huiita huduma hiyo bila kujua ni modeli ngapi ziko ndani yake.

Mstari wa kugawa nauchora hivi: swali linalojibiwa kwa safu moja na vitu vinavyoihusu moja kwa moja ni la modeli, na tendo linalobadilisha majedwali kadhaa kwa mpangilio maalumu ni la huduma. Kontrola inabaki na kusoma ombi, kuhakiki ruhusa, kuita, na kujibu. Mfumo mdogo wenye kontrola mbili hauhitaji tabaka la huduma hata kidogo, na anayeliweka siku ya kwanza kwa sababu ameliona kwenye mradi mkubwa anajiongezea mafaili tu.

Uko pia upande wa faragha. Modeli ikishirikishwa, safu wima zote hushirikishwa pamoja nayo. Kontrola ya ukurasa wa wazi unaoonyesha wakulima waliopeleka mzigo leo, ikirudisha objekti za Mkulima zikiwa katika muundo wa data uitwao JSON, itatoa pia namba za simu, namba za vitambulisho na akaunti za benki, hata kama ukurasa unaonekana kuonyesha majina peke yake. Mwenye kujua kufungua zana za kivinjari atayaona yote. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika Mei 2023, uzembe huo si suala la aibu tu. Laravel ina sifa ya $hidden ya kuficha safu wima zilizotajwa, lakini orodha ya kuficha huachwa nyuma pale safu wima mpya inapoongezwa na mtu ambaye hakumbuki kuirudia. Ni salama zaidi kuandika orodha ya kuruhusu, yaani kila kontrola ya wazi itaje safu wima inazotoa, na nyingine zote zibaki ndani.

Mwisho ni hali ambapo kontrola zenyewe hazimo katika programu moja. Chama kimeanza na mfumo wa ofisini, kisha kikaagiza programu ya pili ya kuhudumia simu za makarani, na zote mbili zinasoma hifadhidata moja. Kuzinakili klasi za modeli kutoka programu moja hadi nyingine ndiyo njia inayochukuliwa na wengi, na ndiyo inayooza upesi. Ikiwa programu zote ni za lugha moja, modeli na huduma zinaweza kutolewa na kuwekwa katika kifurushi kimoja kinachosakinishwa kote kwa zana kama Composer ya PHP au pip ya Python, kikiwa na namba ya toleo. Ikiwa lugha ni tofauti, programu moja inapaswa kuwa mwenye hifadhidata na nyingine iombe data kupitia kiolesura chake (API).

Kwa njia yoyote kati ya hizo, maamuzi ya kubadilisha muundo wa majedwali yabaki katika programu moja peke yake. Laravel huandika katika jedwali liitwalo migrations orodha ya mabadiliko yaliyokwisha kufanyika, na programu mbili zinazoshiriki hifadhidata zitaandika katika orodha hiyohiyo, kila moja ikikuta humo majina ya mafaili ambayo haina. Anayejaribu kurudisha nyuma mabadiliko kutoka upande usiokuwa na faili hatafanikiwa. Vilevile, safu wima inayosomwa na programu mbili haibadilishwi jina kwa hatua moja. Inaongezwa safu wima mpya, programu inayoandika inaandika katika zote mbili, data za zamani zinanakiliwa, programu zinazosoma zinahamishwa moja baada ya nyingine, na ile ya zamani inaondolewa baada ya kuhakikisha kwamba hakuna simu ya karani iliyobaki na toleo la zamani. Kwa chama cha zabibu, hatua hiyo ya kuondoa ipangwe katika miezi iliyo kati ya mavuno mawili.